Kikombe Kikishuka

Rhonda, Nakuru
4 Mei 2025

Jepleting wangu,

Chamgei. Natumai ulitua salama na lile sanduku langu la kijani halikukuaibisha mbele ya watu. Zipu yake ya kando ina tabia ya kufunguka mahali penye wageni. Sisi huku tupo. Mvua imekuja na hasira, njia ya kwenda Kaptembwo imegeuka uji. Juzi Akoth wangu wa jikoni aliteleza na trei tatu za mayai. Katika tisini yalipona sita, naye alipona mzima akicheka. Viazi vinavyoshuka kutoka Mau Narok msimu huu ni vidogo kama mawe ya kombeo. Ng'ombe wa marehemu kogo wako, mama yetu mimi na baba yako, amezaa ndama jike. Baba yako alimchukua ndama kabla hajakauka manyoya.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu kama watu wa zamani. Kwanza, ile WhatsApp umesema huko haishiki vizuri. Pili, hata ingeshika, grupu ya familia ina watu thelathini na mmoja, yaani masikio sitini na mawili, na ukimtumia mmoja umewatumia wote. Karatasi haiforwadiwi.

Sasa nije kwa lililonikalisha chini. Jumapili baba yako alisimama kanisani akatangaza kwamba wageni kutoka chuo chenu watafika tarehe 12 Julai kuikagua shule yake. Wakiridhika, kila mwaka wanafunzi wake watakuja huko kujifunza Kichina, si nyinyi wanane wa majaribio tu. Wasiporidhika, watatafuta shule nyingine. Alipomaliza kupigiwa makofi alinitumia ujumbe: "Chakula cha watu 60. Kichina kidogo, Kikenya kidogo." Hata hujambo hakuandika.

Nimekubali. Nitapika. Lakini nina ombi, na nakuomba wewe kwa sababu uko mahali penyewe. Mmepelekwa kujifunza lugha na utamaduni. Lugha baki nayo. Katika utamaduni nataka kitu kimoja tu: Mchina aliyealikwa mezani hutukanwa vipi bila mtu kufungua mdomo? Nataka tusi la sahani. Nataka waondoke mezani wamenuna, na baba yako abaki anatabasamu asijue nini kimempata.

Usiniulize sababu. Ulikuwepo tarehe saba Desemba.

Senge yako,
Zeddy Chesang


Kunming
25 Mei 2025

Senge mpendwa,

Chamgei mising. Sanduku lilifunguka Dubai. Nguo zangu za ndani zilizunguka kwenye ule mkanda kabla yangu, na Kipkemoi wa darasa letu akazitambua kuwa ni zangu kwa sauti kubwa. Sitasahau.

Huku kuna baridi ya jioni kama ya Nakuru, maana mji uko juu milimani. Asubuhi tunaandika herufi; Mwalimu Duan hupita nyuma yetu, na ukikosea mpangilio wa mistari hasemi kitu, anakohoa. Mchana ni utamaduni. Tumeshafundishwa kushika brashi ya wino, kukata karatasi nyekundu, na mazoezi ya polepole kwenye bustani, ambapo bibi wa miaka themanini alinirekebisha kiwiko akaniita mti mkavu. Alinigusa nywele akacheka, nami nikamgusa zake nikacheka. Sasa hunitunzia nafasi mstari wa mbele.

Nina habari ya viazi kwako. Huku huvikata vyembamba kama nyuzi, huviosha mpaka maji yawe safi kabisa, halafu huvikaanga kwa moto mkali kidogo tu, na siki na pilipili. Vinabaki vinalia mdomoni. Mara ya kwanza nilidhani ni vibichi nikavirudisha jikoni viivishwe. Mpishi mwenyewe akatoka na mwiko wake akanitazama kama mtu aliyefiwa. Wewe ungeviweza, Senge. Vile viazi vidogo usivitupe.

Mkewe Mwalimu Duan aliniletea uji wa mchele nilipougua tumbo wiki ya pili. Mwalimu mwenyewe ndiye atakayeongoza wageni mwezi wa Julai. Hajawahi kufika Afrika. Ameanza kuuliza kama simba hufika shuleni.

Kuhusu lile swali lako, bado hatujafundishwa sura hiyo.

Baba alipiga simu juzi. Amesema nikusalimie.

Wako,
Jepleting


Rhonda
8 Juni 2025

Jepleting,

Viazi nimevijaribu. Nilivikosea mara mbili, mara ya tatu Akoth alikula sahani nzima amesimama. Asante. Ndama wa kogo amepewa jina la mke wa baba yako.

Hiyo salamu rudisha ilikotoka. Baba yako hajanisalimu tangu Desemba. Hawezi kuanza kunisalimu kupitia Uchina.

Naona umenificha swali chini ya uji wa mchele. Basi ngoja nikuambie nilivyoiona siku ile ya mazishi, maana wewe ulikuwa mbele ya tenti na mimi nilikuwa nyuma yake.

Nililisha watu mia saba. Ng'ombe mmoja, mbuzi wanne, magunia mawili ya mchele, na hakuna aliyerudi na sahani tupu. Kwa mahesabu ya chakula sijawahi kuanguka. Ilipofika saa ya familia kujitambulisha nilivua aproni, nikanawa mikono na uso, nikavaa ile sweta nyeusi mama aliyonifumia, nikasimama pembeni nikingoja jina langu. Bethwel ndugu yangu, huyo baba yako, alishika kipaza sauti. Akamwita mkewe. Akawaita nyinyi. Akamwita binamu wa Kericho ambaye mama alikufa bila kumjua kwa sura. Halafu akasema: "Na tusiwasahau wapishi wetu, Zeddy na kikundi chake. Chakula kilikuwa kitamu." Watu wakapiga makofi. Ulipiga makofi hata wewe, nilikuona. Mwili uliposhushwa, nilisikia koleo nikiwa kando ya sufuria.

Miezi mitano nilimwosha mama kwa mikono hii. Nilimgeuza, nikamlisha. Lakini niliolewa nikarudi nyumbani, na baba yako aliwaambia wazee kwamba mwanamke aliyerudi kwao hana pa kusimama kaburini. Pa kupika anapo.

Na huyo ni mimi niliyemlea. Nilianza hapa Rhonda na jiko moja la makaa na kopo la unga nikiwa na miaka kumi na saba, yeye akiwa na tisa. Vitabu vyake vyote vya shule vilinukia mafuta ya chapati zangu. Leo ana shule, mimi nina majiko kumi na mawili na wanawake tisa wanaonitegemea, na hakuna kati yetu aliyepewa cha bure. Tofauti ni kwamba mimi nakumbuka.

Simdai shilingi. Namdai jina. Akikataa kunipa langu, nitalichafua lake, mbele ya wageni wake, kwa chakula kitamu.

Unajua kwetu senge ana kazi gani siku binti anapoolewa. Ndiye anayefungua mdomo akambariki. Anaweza pia kuja, akakaa, akanyamaza. Sikutishi. Nahesabu tu.

Nijibu.

Zeddy


Kunming
22 Juni 2025

Senge,

Shikamoo. Mvua huku pia. Kipkemoi ana mchumba wa kumfundisha Kichina, na sasa anakiongea kwa sauti ya kike. Darasa zima linakufa kwa kicheko. Mimi natamani maziwa ya mursik mpaka naota kibuyu.

Nilipiga makofi siku ile, kweli. Nilidhani ni heshima. Sikuwa nimefikiri.

Basi sikiliza. Mgeni mkubwa usimketishe karibu na mlango. Mpeleke kiti cha ndani kabisa, mgongo ukutani, uso utazame mlango, kama mtu anayetafuta njia ya kutoka. Samaki apikwe mzima na kichwa chake, na ukimweka mezani kichwa kimwelekee yeye, jicho kwa jicho. Chai usimwachie nafasi ya kupumua: kikombe kikishuka hata kidole kimoja, jaza. Anza naye kabla ya wenyeji. Na sahani ziletwe nyingi kuliko watu wanavyoweza kumaliza, chakula kibaki.

Ukifanya hayo yote hawatasahau meza hiyo.

Sina la kuongeza. Natakiwa niandike herufi mia mbili kabla ya kesho.

Jepleting


Rhonda
20 Julai 2025

Jepleting,

Nimeambiwa umeongezewa mwaka mzima huko. Hongera. Sikuisikia kwako, nimeisikia kwenye grupu, kati ya picha ya keki na tangazo la mbuzi aliyepotea.

Nitakusimulia karamu yako, maana ilikuwa yako, mimi nilikuwa mikono tu.

Samaki nilimtoa Naivasha, kilo mbili na robo, mzima. Akoth alipomwona kwenye sinia akaniuliza anamwelekea nani. Nikamwambia, yule mzee mgeni. Akasema, "Basi huyo mzee mnampenda sana, mathe. Kwetu kichwa cha samaki ni cha baba mwenye nyumba." Nikamjibu, "Akoth, hawa si watu wa ziwani. Kila watu wana yao." Hiyo ndiyo akili yangu yote. Sisi watu wa ng'ombe, tukikodolewa macho na samaki tunaona tumetukanwa, nikadhani dunia nzima iko hivyo.

Mwalimu wako nilimpeleka ndani kabisa, mgongo ukutani, kama askari wa zamu. Kichwa cha samaki kifuani pake. Nilisimama nyuma yake na birika mwenyewe, sikumwachia msichana yeyote kazi hiyo. Kikishuka kidole, najaza, kikishuka, najaza, mpaka nikamwonea huruma kibofu chake. Aliangalia kiti. Akaangalia samaki. Akaweka mkono kifuani, na machozi yakamlengalenga. Nikasema moyoni: limeingia.

Kuna kijana anaitwa Travis, alikisoma Kichina Nairobi, ndiye aliyekuwa anatafsiri. Travis akasimama akasema, "Anasema tangu atoke nyumbani hajawahi kuheshimiwa hivi. Anasema hata kwao vijana wameanza kusahau. Anauliza ni nani aliyeipanga meza hii."

Birika nusura liniponyoke.

Nakuapia, Jepleting, kwa ile nukta moja nilisahau kisasi. Nilinyoosha shingo. Nilidhani baba yako atageuka anioneshe kwa kidole tu, hata kwa kidole. Alifunga kifungo cha koti akasema, "Ni mimi. Nilifanya utafiti kidogo." Halafu, "Tuwashukuru pia wapishi wetu. Chakula kilikuwa kitamu." Maneno yale yale ya Desemba, hakubadilisha hata moja. Na Travis akayatafsiri, kwa hiyo sasa yapo kwa lugha mbili.

Wewe ulijua. Ulikaa ukaandika kila neno ukijua. Ulichukua hasira yangu ukamkaangia baba yako. Yeye amepata wageni, wewe umepata mwaka, mimi nimeosha vyombo.

Nyinyi ni damu. Mimi ni moshi wa jikoni.

Usiniandikie.

Zeddy


Kunming
10 Agosti 2025

Senge,

Najua umesema nisiandike. Naandika kwa kusimama, ili uone sijakaa kitako.

Nilidanganya. Wenzangu saba wana wadogo wanaotaka kuja. Na mzee ambaye mkewe alinilisha kwa kijiko sikuweza kumsafirisha nusu ya dunia aje atukanwe nyumbani kwetu, na mkono wa kwetu. Nilidhani nimepata njia: wageni wafurahi, wewe usifiwe, hasira ipoe. Sikumhesabu baba.

Mwaka nilioongezewa sikuuomba. Lakini nilipopewa sikuukataa.

Akoth hajambo? Ndama je?

Jepleting


Kunming
7 Septemba 2025

Senge,

Bado sijapata neno lako. Wenzangu wote wamerudi; labda umemwona Kipkemoi mjini akitembea kama balozi. Kitanda cha pili chumbani hakina mtu. Bibi wa bustanini amenipa sweta ya mjukuu wake. Hainitoshi, lakini naivaa ninapokwenda kwake.

Nina jambo la kukueleza, lisome mpaka mwisho halafu uwashie nalo jiko ukitaka.

Alhamisi Mwalimu Duan aliniita aniandikishe majina ya watu kwenye picha za safari yake. Kwenye picha za chakula kuna mtu yumo katika kila moja, amesimama nyuma, na birika. Akaniuliza, "Huyu mama ni nani? Alinihudumia vizuri sana, sikuweza hata kumshukuru."

Nikamwambia ni dada mkubwa wa baba. Wana neno lake kamili kwa mtu huyo, Senge, kama sisi tulivyo nalo. Nilifurahi kulitumia, nilikuwa nimelikariri.

Akaiweka simu mezani. "Mkubwa kwa baba yako?"

"Kwa miaka minane. Ndiye aliyemlea."

"Na alisimama," akasema. "Yeye alisimama akinimiminia, na mdogo wake amekaa."

Nilidhani sikuelewa vizuri. Akarudia polepole, kama anavyorudia kwa mjinga. Halafu akanituma nikaandike herufi zangu. Nilipofika mlangoni akasema nyuma yangu kwamba amekunywa vikombe vingi vya aibu bila kujua.

Jioni nilimpigia baba. Nikamuuliza kwa upole mbona hakusema ni wewe uliyeipanga meza. Alicheka. Akasema, "Jepleting, wageni hawavuki bahari kuja kuulizia mpishi." Nikamwambia si mpishi, ni kifungua mimba wa kogo. Akasema laini ni mbaya, akakata. Laini ilikuwa safi, Senge. Nilisikia mpaka kuku.

Mwalimu Duan na wenzake wanarudi tarehe 11 Oktoba kutia sahihi. Nadhani utaitwa tena, maana hakuna mwingine anayejua kuipanga ile meza.

Nilikuambia hatujafundishwa ile sura. Tulifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kujua kusema asante. Ni hii: vijiti vya kulia haviachwi vimesimama wima katikati ya bakuli la wali. Vikisimama hivyo vinafanana na ubani unaochomwa mbele ya mfu, na bakuli hilo ni chakula cha marehemu. Mtoto akifanya hivyo mezani hupigwa mkono hapo hapo. Hakuna tusi la sahani kubwa kuliko hilo.

Sikuambii ulifanyie nini. Ila Mwalimu Duan asiwe mwenye bakuli hilo.

Wako, ukinikubali,
Jepleting


Rhonda
19 Oktoba 2025

Jepleting,

Chamgei. Mguu wangu wa kushoto unauma, nimeambiwa nipunguze kusimama. Akoth hajambo, ila tangu Julai haambiliki; kila nikimpa amri ananiuliza kama nimewauliza watu wa ziwani. Ndama anakua. Mvua ya vuli imechelewa, na vile viazi vya nyuzi sasa viko kwenye menyu ya kila harusi ninayopika. Watu wa Njoro wanaviita nywele za Zeddy.

Barua yako ya Agosti sikuijibu kwa sababu ilikuwa bado inauma. Ya Septemba sikuijibu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Tarehe 11 niliitwa, kama ulivyosema. Ujumbe ulikuwa mfupi kuliko ule wa kwanza: "Kama ile ya juzi." Basi nikafanya kama ile ya juzi. Mwalimu Duan kiti cha ndani, uso mlangoni. Samaki, kilo mbili na nusu safari hii, kichwa kwake, wala sikuwa na kinyongo naye. Nilimwelekezea kwa heshima kamili. Walikuwepo mchungaji, bodi nzima ya shule, chifu, wazazi. Baba yako alikuwa na suti mpya ya rangi ya majivu na hotuba mfukoni.

Wali niliuleta mwenyewe, bakuli moja moja, kuanzia kwa mgeni. La baba yako likawa la mwisho. Nililiweka mbele yake, nikachukua vijiti vyake viwili, nikavichomeka katikati, wima, vikasimama kama nguzo za lango. Nikarudi nyuma hatua moja nikakunja mikono.

Alinitabasamia. Alidhani ni urembo, Jepleting. Akamwambia chifu, "Unaona? Wanajua mapambo."

Mama mmoja wa Kichina alifunika mdomo. Mwalimu wako aliweka vijiti vyake chini, akaliangalia lile bakuli, akaniangalia mimi, muda mrefu, na nikaona anajua nilichofanya na anajua sikuteleza mkono. Travis akainama sikioni kwa baba yako, lakini huyo kijana hana sauti ya siri. Meza nzima ilisikia: "Boss, hicho ni chakula wanachowapa maiti."

Tabasamu lilimkaukia usoni kama uji uliosahauliwa. Akasema kwa kilugha chetu, "Zeddy, unaniua mbele ya watu?"

Nilimjibu kwa Kiswahili, taratibu, ili Travis asipotee. "Si chakula chako. Ni cha mama yetu. Siku tulipomzika niliwalisha watu mia saba na sikuitwa kumtilia udongo. Leo nimempakulia yeye. Nimeliweka mbele yako kwa sababu wewe ndiye uliyejua pa kunisimamisha."

Travis akatafsiri. Alitafsiri yote, Mungu ambariki, hata ile mia saba. Mwalimu Duan akauliza kitu.

"Anauliza huyu mama ni nani kwako," Travis akasema.

Baba yako akasema, "Ni Zeddy."

"Samahani boss, hajauliza jina. Ameuliza ni nani kwako."

Jepleting, nimepika harusi mia tatu na zaidi, nimeona wanaume wakikwama katikati ya viapo. Sijaona mtu aliyekwama hivyo. Alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama samaki. Alimtazama chifu, chifu akawa na haja ya kunywa maji. Mwishowe akasema, na sauti haikuwa ya kipaza sauti, ilikuwa ile ya darasa la tano akitaka chapati ya pili: "Ni dada yangu. Mkubwa wangu. Ndiye kifungua mimba wa mama yetu."

"Sema tena," nikamwambia. "Huyu kijana hakushika vizuri."

Travis alikuwa ameshika vizuri sana, lakini ni mtoto mwenye adabu, alitega sikio. Baba yako akarudia.

Hapo Mwalimu Duan akasimama. Wenzake wote wakasimama. Alitoka kwenye kile kiti cha ndani, akakivuta, akanionesha kwa mikono miwili. Sikukataa. Mguu ulikuwa unauma, na hata usingeuma nisingekataa. Nikakaa, mgongo ukutani, uso mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi watu wanavyoonekana ukiwa umekaa wao wakisubiri. Mwalimu akageuza sinia, kichwa cha samaki kikanitazama mimi. Halafu mzee wa watu akalishika birika mwenyewe animiminie.

Hilo baba yako hakuliweza. Mgeni amimine nyumbani kwake, bodi ikitazama! Aliruka akamnyang'anya birika, akaja upande wangu na suti yake ya majivu, akamimina. Chai ikafurika mpaka kwenye kisosi. Nikanywa. Kikombe kikashuka kidole kimoja. Nilikitazama tu, halafu nikamtazama yeye.

Akajaza.

Wengine walikula, wakaongea, hotuba ikasomwa na mwalimu mkuu msaidizi kwa kuwa mwenyewe alikuwa na kazi. Mimi nilikuwa nakunywa. Vikombe saba, na hiyo chai ya kijani siipendi, ina ladha ya majani ya paa. Cha saba kilikuwa kimepoa kabisa. Nilikimaliza.

Kama walitia sahihi au hawakutia, muulize baba yako. Atakuwa na laini nzuri.

Watu walipoondoka nililichukua lile bakuli nikashuka nalo nyuma ya shule hadi kwa mama, si mbali, shule yenyewe imesimama kwenye shamba lake. Sikuvichomoa vijiti. Nilikiweka chakula kichwani pa kaburi, nikachota udongo kiganjani, nikautia. Akoth alikuja akasimama nyuma yangu, akasema kwao wangelia kwa sauti, kama nataka anisaidie. Nikamwambia asubiri kidogo. Baadaye nikamwambia haya, nisaidie.

Wewe nilikuwa nimekuandikia deni la hasira kwa ule uongo wako wa Juni. Nimelitoa nusu. Nusu nyingine utaifanyia kazi ukirudi. Kuna sufuria kubwa mbili hazijasuguliwa vizuri tangu karamu. Siku ukiolewa, mdomo wangu upo.

Mpelekee yule bibi wa bustanini zawadi kutoka kwangu, mwambie imetoka kwa mtu mwenye cheo gani kwako. Neno lake unalijua.

Mimi,
Zeddy Chesang,
kifungua mimba